Shotigani ya Mikono Miwili

Mimi nilikwisha kuchagua kabla mtu hajaniuliza. Nilitaka shotigani ya pampu, ya Kituruki, kitako cha plastiki, mtutu mfupi, na kila aliyenishauri vinginevyo nilimwona hajui kitu. Mwalimu mstaafu haambiwi. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka thelathini na ushee, na ugonjwa wa kusahihisha haukuisha siku niliyokabidhi chaki.

Sababu yenyewe sikumwambia mtu. Bunduki ile ilikuwa nyepesi kuliko zote, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa nusu.

Wezi walikuja Jumapili, kijiji kizima kikiwa kwenye Misa. Mimi nilibaki nyumbani na mafua. Kahawa kavu ilikuwa sebuleni, magunia yamepangwa hadi usawa wa dirisha, tukisubiri siku ya chama cha msingi kupokea. Waliingia watatu kwa mlango wa uani, hata hodi hawakupiga. Mtu mwenye akili angewapisha. Mimi nikakumbatia gunia. Panga lilinipata chini ya kiwiko, nikapiga yowe ambalo hakuna aliyelisikia, maana saa ile kwaya ilikuwa inaimba, na kwaya ya kigango chetu haiimbi kwa sauti ya chini. Waliondoka na magunia manne, mojawapo likiwa na damu yangu.

Hospitalini Mbinga daktari alinishona vizuri. Akanieleza kwamba jeraha litafunga lakini nguvu ya vidole haitarudi yote. Nilipotoka nikamwambia mke wangu kwamba daktari amesema nitapona kabisa. Baada ya uongo huo wa kwanza, mwingine ulikuja wenyewe. Ndoo ya maji nilibeba kwa mkono wa kulia. Kwenye mteremko, wakati wa kuchimba ngolo, mashimo yetu ya kulimia, nilisema sasa nimezeeka, niwaachie vibarua. Vifungo vya shati nilivifunga nikiwa nimempa mke wangu mgongo.

Jirani yangu ni askari wa wanyamapori mstaafu, mwenye shotigani yake ya pampu na leseni yake. Tulikaa barazani kwake jioni nyingi tukibishana. Kwenye simu alikuwa na picha za bunduki tatu: hiyo ya Kituruki niliyoipenda, ya Kimarekani yenye kitako cha mbao, na ya tatu ndefu ya kuwindia. Ile ndefu tuliiacha mapema. Nyumba zetu zina milango miembamba na ujia wa giza, na mtutu mrefu ungegonga fremu kabla hujageuka. Zikabaki mbili, nyepesi na nzito. Jirani alisema bunduki nyepesi inapiga teke baya begani, na nzito inatulia. Mimi nikasema uzito ni mambo ya vijana. Akasema mwenzangu, wewe unanunua bunduki au mwamvuli?

Halafu akanieleza jambo ambalo nilikuwa nalijua na sikutaka kulisikia. Zote mbili zinafanya kazi kwa namna moja. Mkono wa kulia uko kwenye kifyatulio, na wa kushoto unavuta kishikio cha chini nyuma, kisha unakirudisha mbele, kwa nguvu na bila kusita. Ukivuta nusunusu, ganda linakwama ndani na umebaki na rungu. Akaileta yake, akaifungua nikaona kwamba haina risasi, akanipa nijaribu. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema mgongo unaniuma.

Mke wangu akatokea kuniita nikale. Yeye ni Mnyasa wa Mbaha, Mwanglikana aliyenifuata huku mlimani akabadili kanisa, lakini maoni yake hakubadili hata moja. Jirani akamtania, akamwambia ajaribu yeye, maana Mwalimu ana mgongo. Mke wangu akaipokea, akauliza mkono unakaa wapi, akavuta. Chuma kikalia mara mbili, nyuma na mbele, safi kabisa. Huyu mwanamke amekulia ufukweni akivuta nyavu za usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, pamoja na mama zake, kazi ya mikono anaijua. Jirani akapiga makofi.

Nikamwambia, mbele ya mtu: "Mwanamke na bunduki, wapi na wapi? Rudi jikoni."

Akaiegemeza bunduki ukutani taratibu, akaondoka. Nimesema mabaya mengi maishani mwangu. Hilo nalikumbuka kwa sababu hakujibu, na yeye hujibu kila kitu.

Nilikuwa na hofu, niseme ukweli. Msimu ulikuwa unakaribia. Kahawa ingejaa tena sebuleni, na mimi ningekuwa nimesimama mbele ya mke wangu na bunduki nisiyoweza kuikoki. Mwizi akiona bunduki haji tena na panga tu, anakuja amejiandaa. Safari hii angeumia mke wangu. Nililijua hilo kila nilipozima taa, na bado asubuhi niliamka nikaendelea kujaza fomu ya leseni kwa jina langu.

Mtendaji wa kijiji alitaka kwanza neno la ukoo kwamba mwombaji ni mtu mtulivu, hana ugomvi na ndugu. Kwetu Wamatengo neno hilo linatoka kwenye sengu. Kila nyumba ya ukoo inaleta ugali na mboga kwa kaka mkubwa, wanaume wanakula pamoja, na lililoletwa pale linazungumzwa hadi liishe. Koo nyingi zimeacha. Sisi bado tunakutana Jumapili moja moja, kwa sababu kaka mkubwa yuko hai na hajaruhusu tuache.

Sasa, kwenye sengu mdogo ndiye anayenawisha wakubwa. Mimi nina miaka sitini na minne na wajukuu saba, na pale bado ndiye mdogo. Unashika jagi kwa mkono wa kulia na beseni kwa mkono wa kushoto, unapita kwa kila mmoja ukiinama. Tangu niumizwe nilikuwa naweka beseni chini, namimina, nasema karibuni. Nilidhani hakuna aliyeona.

Siku hiyo nilimwamkia kaka, nikaweka fomu yangu mezani, nikawaeleza ndugu habari ya mitutu na vitako hadi wakachoka. Chakula kikafika. Nikaanza kunawisha, beseni chini kama kawaida. Nilipofika kwa kaka mkubwa, mikono yake ilibaki mapajani.

"Shika beseni," alisema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaliinua kwa mkono wa kushoto, na ndani yake mlikuwa na maji waliyonawia watu watano. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nikidhani nitaweza hadi kumi. Vidole vikafunguka vyenyewe. Maji yote yakamwagikia miguuni pake, juu ya viatu vyake vya kanisani.

"Tangu mwaka jana unaniwekea beseni chini kama unayelisha mbwa," alisema taratibu. "Nilifikiri umepata kiburi. Kumbe ni mkono. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Hiyo bunduki utaivuta kwa meno?"

Ndugu mmoja akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Mimi nililia. Mzee mzima, mbele ya ugali wa watu, nililia nikaona aibu, kisha nikaona nafuu, na hadi leo sijui ni kipi kilitangulia.

Lililoletwa sengu haliachwi njiani, kwa hiyo hakuna aliyegusa chakula. Kaka akauliza nyumbani kwangu ni nani anayeweza kuivuta bunduki hiyo. Ningeweza kumtaja mwanangu aliye Songea. Nikasema, mama watoto anaweza, nimemwona kwa macho yangu, nikamfukuza.

Wanawake wetu huleta chakula sengu na kuondoka. Siku hiyo kaka alituma mke wangu aitwe kutoka nyuma ya jiko, benchi likasogezwa, akaambiwa akae. Alikaa pembeni kabisa, akijifuta mikono kwenye khanga. Kaka akamuuliza, kama bunduki ikiwa ya jina lake, anataka ipi.

"Ile nzito, shemeji. Nyepesi itanirusha." Kisha, bila kunitazama, akaongeza, "Na Mwalimu anifundishe. Ndiye anayezijua."

Ugali tuliula umepoa. Fomu yangu niliichana mwenyewe, kwa meno na mkono mmoja, na kesho yake nikachukua mpya kwa mtendaji, ya jina la mke wangu.

Nilimwomba msamaha kwa yale ya jikoni. Alisema amesikia. Wiki nyingi baada ya hapo tulikwenda barazani kwa jirani, bunduki yake tupu mikononi mwa mke wangu, mimi nimekaa kwenye kigoda nikitoa maelekezo. Kitako kikae begani vizuri. Kidole mbali na kifyatulio mpaka umeamua. Usielekeze mtutu kwa mtu hata kama ni tupu. Vuta hadi mwisho, usivute nusu. Nilikuwa nikirudia kila kitu mara nne, tabia ya darasani, na yeye alikuwa akisema hiyo umeshasema. Jirani ndiye aliyesimama karibu naye na kumrekebisha mikono, kwa sababu mimi nisingeweza kumwonyesha.

Barua zilipanda kijiji, kata, wilaya, zikashuka, zikapanda tena. Siku ya mke wangu kupimwa na polisi tulishuka mjini Mbinga na jirani akatusindikiza. Afande aliyempima alikuwa kijana mwenye adabu, akamwamkia shikamoo kabla ya kumpa bunduki. Mke wangu akaifungua kwanza kuona kama ina risasi, akaielekeza chini, akaiweka begani, akavuta mara tatu bila kusita. Afande akaandika. Akauliza ni nani aliyemfundisha.

"Mume wangu," alisema.

Afande akanigeukia, akanipa mkono, akasema hongera Mwalimu. Nikampa wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye mfuko wa koti, na nikautoa.

Jioni ile, kabla ya kula, niliweka beseni juu ya kigoda mbele ya mke wangu, nikachukua jagi, nikamnawisha. Aliniangalia kidogo, kisha akanyoosha mikono yote miwili. Akasema maji yanatosha.