Nilimwita Mdogo Wangu Akiwa Jukwaani

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, ndugu yangu Harith, anayenifuata, shangazi yetu Bi Thuwaiba, dada wa marehemu baba, mwalimu mmoja wa kike, Mtunisia, watahini watatu waliotoka chuo kikuu na mafaili yao, wanafunzi wa kujaza safu nne, na Raiya, kitinda mimba wetu, peke yake juu ya jukwaa. Majina nimeyabadilisha. Kosa sikulibadilisha, na ni langu, sina mshirika.

Nawataja wote kwa sababu nimeshawasikia watu wakilisimulia jambo hili kama ajali. Bahati mbaya tu, wanasema. Hapana! Ukumbi ulikuwa na watu wote hao, na aliyefungua mdomo ni mmoja.

Mimi ni mkubwa wa watoto watatu. Wazee wetu walifariki kwa ajali ya gari njia ya Nizwa, hapa kwetu Oman, nikiwa darasa la kumi na moja. Raiya alikuwa na miaka minne. Niliacha shule mwezi ule ule, na mpaka leo natoka nyumbani Al Ansab alfajiri, napanda basi la kiwanda kwenda Rusayl, ninakosimamia wanawake wanaofungasha biskuti. Sikuolewa. Sikulalamika. Hilo la kutolalamika nililionea fahari kuliko sala zangu, Mungu anisamehe.

Raiya alipomaliza shule, alama zake hazikumfikisha chuo kikuu. Palikuwa na chuo kidogo kinachotoa stashahada ya miaka miwili, na mwanafunzi akifaulu vizuri huhamia chuo kikuu, akaanzia mwaka wa tatu. Nafasi aliyopata ilikuwa ya fani moja tu. Maigizo!

Nilicheka mbele ya uso wake. Nikamwambia sawa, nenda, vumilia upuuzi wao miaka miwili, ukishahamia utachagua kitu cha watu wenye akili. Akanijibu kwa upole kwamba anataka kuendelea na hicho hicho, aje kufundisha maigizo maskulini. Nikajifanya sikusikia. Nilichotaka mimi ni kuhamia. Kuhamia! Mtoto wa nyumba yetu aingie chuo kikuu, hata akiingilia dirishani.

Muhula wa kwanza walifundishwa kupumua. Wallahi, kupumua! Mtoto aliyekuwa akipumua mwenyewe miaka yote niliyomlea. Muhula wa pili wakafundishwa kutembea. Wa tatu, kukaa kwenye kiti. Narudi kazini miguu imevimba, namkuta sebuleni anakaa na kuinuka, anakaa na kuinuka, kila mara kama mtu mwingine. Nilimuuliza kama kile kiti kimeshawahi kumjibu. Harith akasema wakishamaliza kukaa watafundishwa kulala, na hapo yeye ataomba kazi ya ualimu.

Tulicheka sana, sisi wawili. Raiya naye alicheka, kwa adabu. Wageni wakija na kuuliza binti anasoma nini, nilijibu mambo ya ofisi. Naye alikuwa pale pale, ameshika birika la chai, ananisikia.

Sasa lazima niwaeleze jinsi ninavyoita.

Nilipobaki na watoto wawili sikuwa na nguvu za kuita mara mbili. Nikaweka sheria moja: nikikuita unaitika hapo hapo, popote ulipo. Uko chooni, unaitika. Mdomo umejaa, unameza, unaitika. Harith aseme "naam", Raiya aseme "labeka". Sikuwapiga. Niliita kwa sauti ya chini, mara moja, na asiyeitika sikumsemesha siku nzima. Fikirini mtoto wa miaka minne aliyefiwa na mama yake, asemeshwe na nani mwingine? Alijifunza upesi sana.

Shangazi alikuwa akinitangaza kwa watu. Watoto wa huyu, anasema, ukiwaita wanakujibu kabla hujafunga mdomo. Nami nikavimba kichwa, nikadhani hayo ndiyo malezi.

Mtihani wa mwisho wa vitendo ulikuwa huu: dakika ishirini peke yako jukwaani, bila kusema neno, bila kushika kitu chochote. Kila kitu ukifanye kwa mwili tu, na usitoke ndani ya yule unayemwigiza, litokee litakalotokea. Ili uhamie chuo kikuu ulitakiwa upate "jayyid jiddan", yaani vizuri sana. Pungufu ya hapo unabaki na stashahada yako.

Raiya alitualika kwa siku tatu mfululizo. Asubuhi ya mtihani akaja jikoni.

"Dada, nna ombi moja. Ukiona kitu hukukifahamu, niulize nyumbani."

Nikamwambia kwake nimeshaona vingi nisivyovifahamu na bado niko hai, avae twende.

Basi akaingia jukwaani anatembea, na ule mwendo nikautambua. Kisigino cha kulia kinaburuta kidogo. Mkono mmoja kiunoni. Akajifunga kanga isiyokuwepo, akaivuta mara mbili kama mtu aliyeikasirikia. Akaosha mchele. Akahesabu sahani kwa kidole. Akanusa maziwa, akakunja uso, akayanusa tena, akayatia kwenye chai hivyo hivyo. Wanafunzi wakaanza kucheka.

Shangazi akaniinamia.

"Huyu si wewe huyu? Hebu itazame hiyo shingo."

Harith alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mtahini mmoja akatabasamu, akaandika kitu kwenye faili lake. Nikaona dunia nzima inaandika. Nikajiambia: nimeuvumilia huu ujinga miaka miwili, kumbe ndani ya hicho chuo nilikuwa nachongwa mimi, ili watoto wa watu wavaao suruali zilizochanika wapate cha kuchekea.

Jukwaani Raiya alikuwa amenyanyua sinia la chakula, zito, kwa mikono miwili. Halikuwepo sinia, lakini ungeapa unaliona. Magoti yake yalikuwa yamelegea kwa uzito.

Nikaita. Sikupiga kelele. Niliita kama ninavyoita nyumbani.

"Raiya."

"Labeka, Dada."

Alijibu hapo hapo, kabla sijafunga mdomo. Akageuka kunitazama, na alikuwa ni Raiya tu, mdogo wangu, amesimama kwenye taa ameinua mikono mitupu. Akaiangalia ile mikono. Hakujua tena pa kulitua lile sinia. Kwa kuwa hakujua, akaishusha polepole ikaning'inia ubavuni.

Hapana aliyecheka. Mwalimu wake alifumba macho. Raiya alijaribu kuanza tena, akarudi kwenye mchele, akausugua, lakini sasa ulikuwa ni mchezo wa msichana anayesugua hewa. Alimaliza kabla ya muda wake, akainama, akaondoka.

Tulipotoka nje, Shangazi akasema, "Lakini kaitika vizuri, mashallah."

Mnaona tulivyo? Nyumba imeungua, sisi tunasifu moshi wake ulivyonyooka!

Alipata "maqbul", yaani kapita, lakini kwa kusukumwa. Na kanuni ya chuo inasema aliyeanguka anaruhusiwa kurudia mtihani, ila aliyepita haruhusiwi. Angeanguka kabisa angepewa siku nyingine mwezi ule ule. Kwa kuwa amepita, njia iliyobaki ni kurudia mwaka mzima wa pili, kuanzia mwanzo.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Nilivaa abaya yangu nzuri, nikazungumza kama ninavyozungumza na madereva wa kiwanda. Nikasema kosa ni langu, mwandikieni mtoto alama zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwamba kamati haikunitahini mimi.

Nikaenda kwa yule mwalimu wa Kitunisia, niliyekuwa nikimwita fundi wa kupumua. Hakunikaribisha kiti. Alisema, kwa Kiarabu, maneno ambayo nikiyageuza kwa Kiswahili ni haya: "Miaka miwili nimemfundisha asitoke hata ukumbi ukiwaka moto. Wewe umemtoa kwa neno moja. Sikujua kama nilikuwa nashindana na mtu."

Nilidhani kupumua na kukaa kwenye kiti ni upuuzi. Kumbe yule mwanamke alikuwa anajaribu kumpa mdogo wangu mwili wake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshaufunga kamba tangu ana miaka minne, nimeishika ncha.

Watu wachache waliojua kisa hiki huniuliza: alikuwa anakusifu au anakukejeli? Wanapenda niwaambie kwamba alikuwa ananisifu, walie kidogo, wafurahi. Sijui! Niliukata mchezo katikati. Mwisho wake sikuuona, wala sikumuuliza. Na hata kama alikuwa ananikejeli, ulikuwa mtihani wake. Mtu aliyeacha shule ili wenzake wasome, akaenda mwenyewe kuwavurugia mtihani, anastahili kuchekwa na safu nne na zaidi.

Raiya hakunigombeza. Jioni ile aliosha vyombo, akaniuliza kama nataka chai. Nilitamani avunje kikombe. Hakuvunja, na najua nani alimfundisha kutovunja.

Mimi nilianza kupika. Biriani, mkate wa kumimina, sambusa za nyama anazozipenda. Watu wazima wa kwetu tunaomba radhi kwa sahani. Hatusemi neno, tunaongeza nyama. Nikamnunulia abaya mpya. Nikaacha kumtania. Wageni wakija nasema, bila kuulizwa, kwamba anasoma maigizo, na nasema kwa sauti kubwa kama mlevi aliyetubu. Yeye anakula, anashukuru, anaingia chumbani. Ameiona biriani ilivyo. Ni uoga wenye viungo.

Sasa anarudia mwaka wa pili pamoja na watoto waliomkuta yeye akiwa mkubwa wao. Wenzake wa darasa lake wako chuo kikuu, mwaka wa tatu. Mmoja wao alikuja kumtembelea akiwa na kitambulisho kipya shingoni. Raiya alikishika, akakigeuza, akamrudishia, akasema kinapendeza.

Nyinyi mliolea ndugu zenu, nawajua, kwa sababu mimi ni mmoja wenu. Tunatembea kama tunaoidai dunia nzima. Tunadhani kwa kuwa tuliacha shule, shule za wenzetu ni mali yetu, na kila wanachojifunza kikafunguliwe mbele yetu kama mzigo wa forodhani, tuseme kipi kipite. Acheni! Ukienda kumtazama mtoto wako akifanya kazi yake, mdomo wako uache nje pamoja na viatu. Na kama umemzoesha kukuitikia akiwa popote, basi hujamlea, umemtega. Siku moja utauvuta huo mtego bila hata kukusudia, na utanasa mtu unayempenda.

Leo ni Ijumaa, kiwanda kimefungwa. Nimeandika haya kwa watu nisiowajua, na yamenichukua asubuhi nzima. Yeye yuko chumba cha pili, nasikia pasi inavyopita juu ya nguo zake za chuo. Kutoka nilipokaa mpaka mlangoni kwake ni hatua sita. Mwaka wake sina wa kumrudishia. "Nisamehe" ninayo, nadaiwa tangu siku ile, na bado sijaipeleka.