Wavunaji wenye marungu

Juzi hapa Chanji wajukuu zangu walibishana taifa lipi kubwa linawasaidia vizuri wale wanaopigana huko kwenye taarifa ya habari. Nikacheka mpaka machozi. Msaada, eti.

Nikiwa mdogo, baba na baba mdogo waligombea shamba la ulezi. Matajiri wawili wasiopatana wakaleta vijana wenye marungu, huyu kwa baba, yule kwa baba mdogo. Mama akawapikia pombe wale wa baba, ikanukia mpaka njiani. Nikadhani wamekuja kuvuna, maana pombe hupikiwa wavunaji.

“Mama, wajomba hawa wana huruma.”

“Wanayahurumia matumbo yao. Toka hapo.”

Mchana makundi yale mawili yalipokutana shambani, nilisikia ulezi ukivunjika miguuni mwao, nikashangaa wavunaji gani hawana visu. Halikubaki suke lililosimama. Matajiri wenyewe hata shati halikuwachanika.

Mvua zilipoanza, baba alimlimia tajiri wake apate unga, na baba mdogo akamlimia wa kwake.