Goti la Wilf Ormerod

Nilikuwa mchua misuli wa timu, kazi ambayo siku zile ilihitaji ndoo ya maji baridi, sponji na ulimi mtamu. Udaktari sikuusomea.

Wilf Ormerod alitoka kiwanda cha nguo akiwa na miaka kumi na saba, akawa kiungo wetu wa kushoto. Vita vilimla misimu sita. Aliporudi nywele zilikuwa zimepungua, mguu uleule. Kila Jumamosi alipanda basi moja na mashabiki, viatu vya mpira ndani ya mfuko wa karatasi, na tukiwa tumefungwa wiki iliyopita alikuwa anakiona cha moto.

"We Ormerod, siti ya nini?" mama mmoja alimpigia kelele. "Si ulipumzika dakika tisini Jumamosi iliyopita?"

"Kaa wewe, mama. Kwa miguu hiyo, meneja akikuona mimi sina namba."

Siku zile wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa. Ukiumia, ama unatoka mnabaki kumi, ama unasimamishwa winga ukae kama kero kwa beki wao. Wote tuliona ni kawaida.

Mechi ya mwisho ya msimu, mwaka 1951, ilikuwa lazima tushinde, la sivyo tunashuka daraja. Dakika ya thelathini goti la Wilf likateguka. Nikakimbia na ndoo. Nililigusa tu nikajua limekwisha.

"Vipi?"

"Linauma kidogo. Lifunge, Clem, acha maneno."

Nikalifunga bendeji. "Haya, kasimame winga. Usikimbie." Meneja hakuniamuru. Maneno yale yalikuwa yangu.

Dakika za mwisho beki wao alishamsahau. Mpira ukamfikia, akaupiga kwa mguu mbovu, maana ule mzima ndio uliokuwa umemsimamisha. Goli. Watu wakambeba mabegani, wakidhani analia kwa furaha.

Hakucheza tena. Klabu ilimwandikia barua ya shukrani, yeye akarudi kiwandani kulinda geti, na mguu hadi leo haukunjiki. Nellie, mkewe, alikuwa akiniona sokoni anavuka barabara.

Miaka tisa nilikaa na jambo hilo moyoni. Mwishowe nikaenda kwao, nikasema kabla sijavua kofia: "Wilf, siku ile nilijua. Nilijua limekwisha, nikakurudisha uwanjani."

Wilf akacheka. "Ungenitoa ningekumwagia ndoo nzima kichwani, mzee! Kaa unywe chai."

Nikashusha pumzi. Nikamgeukia Nellie, nikitumaini naye atacheka. "Unamsikia, shemeji? Asingekubali."

Nellie aliweka birika mezani. "Najua asingekubali," akasema. "Alikuwa na goli la kufikiria, na wenzake, na watu wote wale. Wewe ulikuwa na goti lake tu, Clem. Hilo moja."