Njugu Ndogo za Hulda

Hulda alitoka Ahero kwenye joto kumfuata mumewe Eliakim, akaomba kipande cha shamba Kesses, kwenye baridi ya milimani. Mwenye shamba, Jelagat, alimwambia wazi: njugu zisipozaa, analichukua shamba apande mahindi yake tena.

Mwaka wa themanini na nne mvua ikakatika mapema. Walipong'oa, njugu kubwa za kutambaa, mbegu aliyopewa na mama mkwe, zilikuwa zimecheleweshwa na baridi, majani tu na maganda matupu. Zile fupi za kusimama, zenye punje ndogo, alizopanda kando yake, ziliwahi kukomaa, zikajaa.

“Na mama nitamwambia nini?” Eliakim akauliza.

“Mwambie aje apande kwa hii baridi, tuone.”

Jelagat, aliyekuja kuona mavuno, akatafuna zile ndogo polepole. “Hizi panda tena, Mama. Za majani niletee, ng'ombe watakula.”

Hulda akaanza kuchagua mbegu, zile ndogo tu, mumewe akitazama.