Mguu Chini ya Mkeka

Kila Jumapili asubuhi, kabla simu haijalia, nilikuwa nazima mashine ya oksijeni. Bibi mwenyewe ndiye aliyeniamuru, na mimi niliyekuwa nalipwa kumtunza nilitii huku nimenuna. Alikaa kitandani, kipande cha tangawizi mdomoni, akijizoeza kutoa salamu nzima kwa pumzi moja. Nyumba yake ilikuwa Hayes, pembezoni mwa London, chini kabisa ya njia ya ndege, na ndege ikipita ilimbidi aanze upya.

Aliyekuwa akipiga ni mtoto wa shemeji yake, mtu mzima mwenye familia yake, kutoka kwao Tonga, visiwani Pasifiki, ambako saa hizo watu walikuwa wameshatoka kwenye ibada ya jioni. Adabu alikuwa nayo, siwezi kumnyima. Aliuliza afya, aliuliza baridi ya London, akamwombea Bibi kwa Mungu. Kisha alinyamaza na kusikiliza. Hata mimi niliyekaa pembeni nilikisikia kile kimya, na nilikichukia. Alikuwa anasikiliza pumzi.

Mambo haya Bibi alinieleza siku moja tukimenya mihogo niliyomletea kutoka soko la Southall. Kwao ardhi yote ni ya mfalme. Mfalme amewapa mamwinyi maeneo yao, na ndani ya maeneo hayo mwanamume wa kawaida hupewa shamba lisilouzwa, naye humwachia mwanawe wa kiume. Mjane hulishika shamba la marehemu hadi siku yake ya mwisho, mradi asiolewe tena. Binti akishaolewa hana chake. Sasa Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyekimbiwa na mumewe, anaishi na wanawe kwenye shamba hilo katika nyumba aliyoijenga baba yake kwa mshahara wa jeshi la Mwingereza. Bibi akifa, shamba linakwenda kwa huyu mpiga simu, na binti anatoka na sufuria zake.

Palikuwa na mlango mmoja. Bibi akiwa hai angeweza kumkodisha bintiye ile ardhi kwa miaka mingi, serikali ikiridhia, na ombi lilikuwa limeshafika kwa waziri. Lakini eneo ni la mwinyi, na kwa jinsi Bibi alivyoona mambo, neno la mwinyi hutangulia karatasi.

“Akijua nakaribia kufa, hana haja ya kukataa,” aliniambia. “Akichelewa tu, inatosha.”

Nilimuuliza, bunge lenu je, kazi yake nini? Akasema lipo, na siku hizi wabunge wengi huchaguliwa na watu wa kawaida, tofauti na zamani. Ila mamwinyi nao huchaguana wenyewe kwa wenyewe na kukaa kwenye bunge hilohilo, na sheria haiwi sheria mpaka mfalme aridhie. Mimi nimezaliwa Tanga, katika jamhuri, shuleni tulifundishwa kuwaita watu kama hao makabaila, na mdomo wangu haujui kukaa. Nikamwambia wangeandamana. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza shamba la mama yangu lilikwenda kwa nani. Lilikwenda kwa kaka zangu. Nikaendelea kumenya mihogo.

Basi ikaja habari kwamba mwinyi mwenyewe anakuja London kwa shughuli zake, na kwamba angependa kupita kumsalimu mjane. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu wa kwetu. Huyu sikuona atamponya nani.

Mimi nilikuwa nawaza jinsi ya kumsimamisha Bibi mgeni akiingia, maana kwetu mkubwa akiingia unainuka. Akaniambia nimekosea kabisa. Kwao heshima ni kukaa chini, kichwa chako kisipite cha mwinyi. Nikasema basi akae kitini, nami nitamweleza mgeni kuwa ana goti bovu. Bibi alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaga maziwa.

“Mwenye goti bovu hukaa chini na goti lake,” alisema. “Atakayebaki kitini mbele ya mwinyi ni yule anayekufa.”

Siku yenyewe nilipeleka mashine ya oksijeni na kigari cha kutembelea kwa jirani, mama mmoja wa Kipunjabi aliyezaliwa Nairobi, ambaye alivipokea bila kuuliza. Dawa nilizificha ndani ya mashine ya kufulia. Nikamshusha Bibi polepole hadi kwenye mkeka wake wa harusi. Wanawake wa kwao hukaa wamekunja miguu upande, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba, haukunjiki, na kumnyooshea mwinyi mguu ni tusi. Tukaufunika kwa mkeka mwingine mwembamba aliojifunga kiunoni, kama wavaavyo watu wa kwao mbele ya wakubwa. Mimi nikakaa nyuma yake, bega langu likiwa egemeo, kama mtu aliyejikalia tu. Niliogopa, wala sijui kwa nini niliogopa kiasi kile mtu ambaye hata kura yangu hajawahi kuiomba.

Mwinyi alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alikung'uta mwavuli mlangoni, akakaa kwenye kochi, akanisalimu kwa Kiingereza na kuniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Baadaye wakazungumza kwa lugha yao. Bibi aliwahi kuniambia kuna maneno ya mfalme, maneno ya mwinyi na maneno ya watu wengine, na siku hiyo sauti yake kweli ilibadilika, ikawa ya mtu anayetembea juu ya mayai. Hakuna aliyetaja shamba. Hilo nililijua kwa sababu jina la bintiye halikutajwa hata mara moja.

Mwinyi hakuwa na haraka. Alikunywa chai, akasifu mihogo, akanyamaza, na nikakitambua kile kimya, kilekile cha Jumapili. Uzito wa Bibi ulizidi kwenye bega langu. Nilihisi mgongo wake ukipanda na kushuka upesi, na sikuweza kufanya lolote. Kisha mguu ukateleza, ukatoka chini ya mkeka, ngozi imevutika inang'aa, vidole vimeelekea kwa mgeni.

Mwinyi aliutazama. Akaweka kikombe chini, akainuka kwenye kochi, akainama mpaka kichwa chake kikawa sawa na cha Bibi, akavuta ukingo wa mkeka na kuufunika ule mguu taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mimi nikaona ni huruma. Nusura nimshukuru. Lakini mgongo wa Bibi ulikuwa umekakamaa begani kwangu.

Aliaga kwa upole na kwenda zake. Nilipofunga mlango nilimwambia Bibi kwamba mtu yule ana utu, pengine mambo yatakwenda vizuri. Alikuwa bado pale chini, midomo imegeuka rangi.

“Mwinyi hamwinamii mtu aliye hai,” alisema.

Nikakimbilia kwa jirani kuchukua mashine.

Jumapili iliyofuata tulijiandaa kama kawaida. Nilimchana nywele, nikampa tangawizi, nikazima mashine. Akakaa na simu mapajani. Ndege zikapita, moja baada ya nyingine, na simu haikulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwishowe nilimpigia binti mimi mwenyewe. Akasema binamu yake alipita kwake baada ya ibada, akamsalimu vizuri sana, akazunguka nyumba akipima uwanja kwa hatua.

Nilitafuta namna ya kumwambia Bibi. Hakuningoja. Alitema tangawizi kwenye kiganja, akanipa.

“Washa mashine, mwanangu,” alisema. “Hakuna tena anayesikiliza.”