Nyundo au Koleo

"Nyundo yatosha, mzee!" Lusekelo alibisha. "Naitia risasi ndani yake, nagonga mara tatu, kichwa kinachomoka."

"Unazo risasi ngapi za kufumua?" aliuliza muuza vifaa vya bunduki pale Hounslow, mzee mwenye viganja kama masinia na masikio ya kusikia mbu akikohoa Queensbury, mtaa wa mbali kabisa. Kila chombo alikigonga kwenye kaunta mara mbili, akakisikiliza. "Mwenye tano nampa nyundo. Mwenye mia nampa koleo la kuvutia, asije akavunjika mkono."

Lusekelo alikuwa amezijaza mwenyewe risasi mia mbili, akazidisha baruti hadi zingepasua bunduki, na mkewe Elieshi alikuwa amemwonya asizidishe. Akainama amnong'oneze mzee idadi. Mlango ukafunguka, akaingia Elieshi.

"Tano tu, mzee!" Lusekelo alipaza sauti.

Mzee akaligonga koleo mara mbili, akalisikiliza, akalifunga gazetini.