Jogoo wa Koko Juu ya Mawingu

Mpaka leo siipendi harufu ya viatu vya theluji vikikauka kwenye zulia. Ndiyo harufu ya ukumbi wa shule yetu mjini Saint Paul, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2010, nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Darasa letu lilikuwa likisoma kitabu cha zamani cha msafiri mmoja aliyekwenda magharibi mwa nchi hiyo kwa gari la maksai, enzi ambazo huko hakukuwa na barabara. Bwana huyo alikuwa mwongo aliyekubuhu. Aliapa kwamba mbu walimwibia sufuria, na kwamba maksai alimlia suruali yake ya pekee, yeye akaingia mjini amejifunga ramani kiunoni. Nilicheka mpaka nikakanywa. Kisha mwalimu akatuambia kila mmoja aandike safari ya familia yake kwa mtindo ule ule, atie chumvi apendavyo.

Nami nikaitia chumvi hasa. Niliandika kwamba tulisafiri na bibi mzaa baba, tuliyemwita Koko, naye amebeba jogoo. Kwamba aligombana na rubani mpaka akapewa kiti cha dirishani. Kwamba jogoo aliwika juu ya mawingu na abiria wote wakaamka wakidai chai. Ukweli ni kwamba Koko hakupanda ndege yoyote. Tulimwacha kwenye kambi ya wakimbizi, karatasi zake za kuhamia Marekani zikisubiri kujibiwa, na baba alikuwa amemwahidi kwamba naye atatufuata huku. Mwalimu aliipenda insha yangu akaibandika ukumbini, jina langu kamili juu yake. Jioni nikajigamba mbele ya baba tukiwa mezani.

Baba aliacha kula. Asiyepita njia yetu hawezi kuelewa. Kambini, kabla ya kila usaili wa maafisa wa wakimbizi, baba alituketisha na kutukaririsha habari zetu: nani alitangulia, nani alibaki, tulivuka siku gani. Neno la mtoto likitofautiana na la mzazi, faili lilirudi chini ya rundo, na tuliwajua majirani waliokwama hivyo kwa miaka.

"Weye uliandika Koko alikuya na sisi?" aliniuliza polepole. "Na jina yetu iko juu?"

Nikamwambia ni mchezo wa shule.

"Shule ni ya serikali. Na dosie, ile faili ya mama yangu, iko kwa serikali."

Usiku kucha nilijiona nimemfungia Koko mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa njiani.

Kesho yake baba alitoka zamu yake ya usiku ya usafi hospitalini Minneapolis, mji wa jirani, na bila kulala tukapanda basi, bahasha ya nyaraka zetu mapajani mwake. Ukumbini aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaniamuru nitafsiri. Nikatafsiri uongo wangu wote, mstari kwa mstari. Mwalimu alipotokea baba akasema, "Mwambie hii haiko kweli. Mama yangu iko kambini." Mwalimu akajibu kwamba alijua, kwamba kutia chumvi ndiko alikokuwa ametaka, na kwamba karatasi zile haziendi popote. Baba hakusadiki. Aliiomba insha, mwalimu akaibandua, naye akaitia ndani ya bahasha.

Ndani ya basi akaniuliza, "Juu ya nini ulimutia Koko ndani?"

Nikamjibu kwamba bila yeye safari yetu haikuwa na kichekesho hata kimoja. Baba akageukia dirishani.

Koko alifariki kambini miaka minne baadaye, karatasi zake hazijajibiwa. Kwa muda mrefu niliamini ni insha yangu iliyomuua. Leo najua haikusomwa na mtu yeyote serikalini, lakini kujua huko hakujaniondolea kitu. Majira ya baridi yaliyopita baba alikuwa akitafuta cheti fulani ndani ya bahasha, akaitoa ile karatasi, imepauka, akanipa. "Soma pale pa jogoo," alisema. Nikamsomea. Mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa hapa na ambaye hakumwona Koko kamwe, akauliza kwa Kiingereza kama kweli bibi alipewa kiti cha dirishani. Nikafungua mdomo nimweleze. Baba, ambaye zamani hakuvumilia neno moja lipishane na lingine, akaniwahi.

"Ndiyo," alisema. "Walimupatia."